Karatasi Iliyokutwa kwa Pontien

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Bujumbura. Alhamisi, 16 Machi 1995, saa tano asubuhi.
Jina: Twahiru Sleiman. Umri: miaka 51. Kazi: fundi wa umeme, Quartier Asiatique. Makazi: Buyenzi.

Nimeitwa kueleza karatasi iliyokutwa katika shati la marehemu Pontien, mwenzangu wa kazi kwa miaka kumi na mmoja.

Mnamo tarehe 14 Machi, saa mbili asubuhi, Pontien alinikuta kazini. Jana yake alikuwa amepima jiko la umeme la kuchemshia vyombo vya kuzalishia, katika kliniki ndogo huko Musaga. Kila likiwashwa, fyuzi inakatika. Volti ni 220, jiko linakula ampea 10, na fyuzi ni ya ampea 6. Nikasema tubadilishe waya wa jiko unaopata moto, ili jiko litumie ampea 5 tu. Pontien alikuwa na mikono mizuri, ila hesabu zilimshinda. Akasema, "Muzee, uniandikie. Mi nitapima waya mpaka ifike iyo namba."

Niliandika: 220 ÷ 5 = 44. 220 × 5 = 1100. Maana yake, ukigawa volti kwa ampea unapata ukinzani wa waya, ohmu 44. Ukizidisha unapata nguvu ya jiko, wati 1100. Nilikuwa na haraka. Sikuandika volti, wala ohmu, wala wati. Namba tupu.

Tulikwenda pamoja, mimi nimebeba mfuko wa vifaa. Saa nne kasoro robo, kwenye barabara ya Musaga, tulikuta kizuizi. Wanaume sita wenye bunduki na mapanga. Sikumtambua hata mmoja. Walimpekua Pontien, wakatoa karatasi. Mmoja mwenye koti la mvua akauliza, "Elfu moja na mia moja, ni watu ao ni masasi?" Masasi, yaani risasi.

Pontien akasema, "Apana, patron. Ni ya jiko." Wakacheka. Akaniangalia.

Nilianza kueleza. Nikasema volti, nikasema ampea. Yule wa koti akatazama kofia yangu ya Kiislamu, akasema, "We muswahili, pita." Sisi Waislamu wa Buyenzi tunahesabiwa hatuna upande katika vita hii ya makabila. Pontien hakuwaambia mwandiko ni wa nani. Na mimi sikusema. Nilipita. Nikiwa mbali kidogo nilisikia akiita, "Muzee!" mara moja. Sikugeuka.

Nilikwenda kliniki kwa kuwa sikujua pa kwenda. Mkunga, Assia, alikuwa akichemsha maji kwa makaa. Nilipima waya ohmu 44, nikaufunga. Jiko likawaka, fyuzi haikukatika. Assia akauliza Pontien yuko wapi. Nikakusanya vifaa, nikaondoka.

Jana saa moja asubuhi alikutwa amekufa kando ya barabara ile. Karatasi walikuwa wamemrudishia mfukoni.

Mke wake, Adélaïde, alikuja kwangu jana jioni. Akauliza, "Mulikuwa naye. Alisema nini ya mwisho?" Nikamwambia tuliachana mjini. Huo ni uongo. Nikitoka hapa nakwenda kumwambia alichosema. Naomba polisi wasinitangulie.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ndiyo hayo, na nimeyasema bila kulazimishwa.

(Sahihi) Twahiru Sleiman

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali yote, ametia sahihi mbele yangu. Ameondoka saa saba kwenda kwa mjane. Nilimshika mkono mpaka barabarani. Népomuscène, afisa mpelelezi.