Mezani kwa Kashmiri

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepitisha nywele ngumu. Mimi! Miaka kumi na tisa nachambua kashmiri, ile sufu laini inayoota chini ya manyoya ya mbuzi, na leo furushi langu limerudishwa. Msimamizi hakufoka. Kaniuliza tu, kulikoni mama? Nikasema usingizi. Uongo. Vidole havisikii. Naona nagusa, basi.

Alhamisi, 6 Machi
Mdogo wangu kanikuta nimeshika sufuria ya moto mikono mitupu. Kapiga kelele mpaka jirani kaja. Hospitali, hospitali! Nikasema nitaenda. Akasema hiyo "nitaenda" yangu haijawahi kufika popote. Malengelenge matatu. Nimeyatazama kama ya mtu mwingine.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepata njia — mdomo! Napitisha sufu mdomoni, najua papo hapo. Ni laini jamani. Kutwa tunaishika, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuivaa. Bi Miwani, tunayetazamana naye mezani, kaniona. Unaichambua au unaila? Nikamwambia ukweli. Hakucheka tena.

Jumatano, 12 Machi
Tangazo. Ijumaa tunapimwa. Kitambaa machoni, mafungu sita ya sufu, useme kashmiri au kondoo, mkono peke yake. Ukikosa mawili, unarudi nyumbani moja kwa moja. Nilipaswa kuogopa. Nimefua, nimepika, sikuogopa.
Bi Miwani kasema atanikanyaga chini ya meza: mara moja kashmiri, mara mbili kondoo. Nikamkataza, tukikamatwa tumekwisha wote. Akasema nyamaza, nani alinifundisha kazi hii kama si wewe?

Ijumaa, 14 Machi
Saa saba mchana. Naandikia chooni. Matatu tayari, matatu baada ya chakula.
Nilingoja mguu wake. Nikangoja weee — hamna. Nikadhani kaingiwa na woga, wala sikumlaumu. Nikabahatisha. Moja nimekosa, msimamizi kalitaja mbele ya wote.
Bi Miwani kanifuata hadi hapa, kafura. Nimekukanyaga mpaka kisigino kinaniuma, na wewe unajibu ya kwako! Una nini lakini?
Nimefunga mlango, nimevua kiatu. Kidole gumba kimevilia damu, ukucha umepasuka. Nimekibonyeza. Nimekibonyeza tena.
Kengele hiyo. Bi Miwani anagonga, ananong'ona: haya, sasa nikanyage mguu upi?
Navua kiatu cha pili.