Mwalimu Kutoka Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Juni 1946

Kofia ya bwana harusi niliyopewa kushona bado. Upande mmoja vito, yale matundu ya kudarizi, vimekaa sawa, upande wa pili nimevifumua mara mbili. Mchele wa kadi ya mgao wiki hii una mawe mengi, nimechagua hadi mgongo ukaniuma. Mume wangu Athumani ametoka godauni la Shimanzi na mafua, akataka uji, akaulalamikia uji.

Binti yangu Hafswa amerudi kutoka darasani analia. Mwalimu Nafisa anaondoka. Mumewe amehamishiwa Lamu na lazima amfuate. Nimemwambia mtoto anyamaze, Mungu hamtupi mja wake. Mwenyewe nimeingia jikoni nikakaa kwenye kibao cha mbuzi bila ya kukuna nazi.

Jumatano, 5 Juni

Nimelala vibaya. Nafikiri darasa tu.

Bi Sauda ndiye aliyetoa ukumbi wa chini wa nyumba yake ya mtaa wa Kuze, akatandika mikeka, akanunua ubao. Mtoto wake hasomi pale, kwa sababu hana mtoto. Sisi wanachama wenzake wa ngoma ya lelemama, Chama cha Kilua, ndio tuliopeleka mabinti zetu. Wanasoma herufi za Kizungu, hesabu na kushona. Kurani walikwishaanza chuoni. Baba zao walikubali kwa sharti moja: mwalimu awe mwanamke, tena wa watu wanaojulikana.

Sasa bibi mkaguzi wa Elimu amesema atakuja kabla ya Ramadhani. Akikuta darasa lina mwalimu wa kike anayejua kazi, serikali italitambua na kulipatia kiwanja upande wa Tononoka. Akikuta ukumbi mtupu, basi. Wanaume wa barazani wanangoja kucheka. Hafswa ana miaka tisa. Likifungwa sasa, Athumani hatakubali mara ya pili. Ninamjua.

Jumamosi, 8 Juni

Tumepata dawa! Mzee Bakari, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, atafundisha nyuma ya pazia. Hatawaona wasichana, wala wao hawatamwona. Tumetundika shuka mbili za Bi Sauda katikati ya ukumbi. Vibao vitapitishwa chini ya pazia, yeye atasahihisha, atavirudisha. Baba wote wamekubali. Mimi ndiye niliyetoa shauri hili na leo nimetembea kichwa juu.

Jumanne, 11 Juni

Kichwa kimeshuka.

Siku ya kwanza mzee alisomesha vizuri. Siku ya pili alisinzia huko nyuma. Wasichana wakapitisha vibao, havikurudi. Wakapitisha tena. Halafu wakasikia anakoroma. Walipochungulia walimkuta amelala juu ya vibao vyote, chaki imemjaa ndevuni. Walicheka hadi majirani wakatoka madirishani. Mzee Bakari, maskini, aliamka akaomba radhi kwa adabu kubwa, akachukua bakora yake akaenda zake. Baba wawili wamewaondoa binti zao jioni hiyo hiyo.

Bi Sauda alicheka kuliko wote. Kisha akakunja shuka zake, polepole, pembe kwa pembe.

Ijumaa, 14 Juni

Leo tumekutana kwake baada ya sala. Tumetaja wanawake wote wa mji huu wanaojua kuandika. Mmoja mgonjwa. Mmoja ana pacha wachanga. Mmoja mumewe hataki hata kusikia. Kila mtu alikuwa na jina kinywani na hakuna aliyetaka kulitema. Bi Sauda akalitaja mwenyewe. Zuhura.

Nimesikia moto kifuani. Zuhura wa Kibokoni! Mwimbishaji wa Nargisi, chama cha watesi wetu, ambao hatupeani hata salamu njiani. Ni kweli amesoma. Alilelewa Unguja kwa shangazi yake, akasomeshwa, akarudi na talaka, mtoto mdogo na ulimi. Anatunga kama anavyopumua. Lakini ni yeye aliyemtungia Bi Sauda wimbo mwaka wa mashindano makubwa, mbele ya wanawake wa mji mzima:

*Nyumba kubwa ya ghorofa, vyombo vyote amepata,*
*Ajisifu kila sifa, susu tupu huivuta.*

Susu, kitanda cha kubembelezea mtoto. Nilikuwa nimesimama kando ya Bi Sauda siku ile, mstari mmoja, sare moja. Niliona shingo yake. Hakuacha kucheza, mikono yake haikukosea hata mara moja. Tangu hapo nikimwona Zuhura navuka njia.

Nimesema waziwazi kwamba afadhali Hafswa abaki jikoni. Nimerudi nyumbani nikamtazama Hafswa anaandika jina lake kwa mkaa sakafuni jikoni, na nimejuta kusema.

Jumapili, 16 Juni

Bi Sauda amempeleka somo yake, yule aliyemfunda, bibi mzima asiyekuwa na chama chochote, akamuulize Zuhura. Jibu limekuja kabla ya adhuhuri. Zuhura anataka kufundisha. Amelia, somo anasema, alipoulizwa. Lakini hawezi kuvuka kizingiti cha Kilua. Wenzake watamtoa chamani na kumwimba mpaka afe. Tena anaona haya. Wimbo wake bado unaimbwa.

Kulia amelia. Angelia wakati ule alipokuwa akitafuta vina.

Jumatano, 19 Juni

Nimetunga. Beti tatu, vina vimekaa kama vito vya kofia. Talaka yake, Unguja yake, ulimi wake, vyote vimo. Dawa ya moto ni moto. Jumamosi Nargisi wanacheza harusini Kibokoni, na sisi tutapita na ngoma yetu njia ile ile na kuwamwagia wimbo huu. Nimewafundisha wenzangu uani kwa Bi Sauda akiwa ametoka. Wameupenda! Wengine wamelia kwa kucheka.

Bi Sauda ametukuta tuko katikati ya ubeti wa pili. Amesikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni. Akasema nimetunga vizuri, tena vizuri sana. Halafu akauliza nyumba ikisha kuungua kwa mioto miwili, watoto watasoma wapi. Akatukataza kuuimba, popote, hata jikoni.

Nimekasirika. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikataza.

Ijumaa, 21 Juni

Bi Sauda amesema atakwenda harusini kesho. Ngomani kwa Nargisi. Amealikwa na nani? Hakualikwa. Anataka wawili wetu wa Kilua, mimi na Mwanakombo, tumfuate. Mwanakombo amekataa, amesema hawezi kumtazama akiaibishwa mara ya pili. Mimi pia nimekataa. Nimefika mlangoni kwangu, nikarudi, nikakubali. Si kwa mapenzi ya Zuhura. Sikuweza kumwacha mama wa watu aende peke yake.

Jumapili, 23 Juni

Ya jana lazima niyaandike.

Tulifika baada ya alasiri. Ua umejaa, buibui zimetundikwa ukutani, udi unafuka. Nargisi wamepanda juu ya mabenchi, mstari mmoja, leso za rangi ya machungwa, zumari inalia. Zuhura mbele. Alituona tukiingia. Na wao wote wakatuona.

Ngoma ilisita kidogo. Kisha sauti moja nyuma, sijui ya nani, ikauanzisha ule wimbo. Ule ule. Zuhura hakuimba. Wenzake waliimba kwa ajili yake, na wageni wakaitikia, maana kila mtu Mombasa anaujua. *Susu tupu huivuta.* Nilitaka ardhi inimeze. Niliushika mkono wa Bi Sauda kumvuta tutoke, akautoa mkono wake taratibu.

Akaenda mbele. Akapita katikati ya ua, hatua ya ngoma, si hatua ya mtu anayekimbia wala anayegombana. Mikono yake inacheza. Alipofika mbele ya benchi akafungua furushi alilokuwa amelikumbatia, akatoa doti ya leso mpya. Mpya, katika siku hizi ambazo kitambaa hakipatikani hata kwa kupanga foleni! Akamtunza. Kama mtu anavyomtunza mwimbaji aliyemfurahisha: akamfunika Zuhura leso moja mabegani, ya pili akamfunga kiunoni, na wimbo bado unaimbwa.

Wimbo ukafa. Kwanza wageni, halafu mabenchi, mwisho zumari.

Bi Sauda akasema, na kila mtu alisikia:

"Ulotunga ni kweli, mwanangu. Nyumba yangu haina mtoto. Njoo unisaidie kuijaza."

Zuhura aliteremka benchini. Nilidhani atazivua leso. Akainama akaubusu mkono wa Bi Sauda, akaukandamiza kwenye paji la uso wake na hakuuachia. Bibi mmoja mkongwe wa Nargisi, yule anayeogopwa na wote, alisimama kutoka kwenye mkeka wake. Akapiga kigelegele. Basi ua mzima ukapiga.

Sijawahi kuona ushujaa kama ule. Wanaume wetu wamerudi kutoka vitani Burma na nishani zao, wanahadithia barazani kila jioni, na nawaheshimu. Lakini mimi nimemwona mwanamke akiokota tusi lake mwenyewe mbele ya watu, akalipangusa, akalifanya mwaliko. Nampenda Bi Sauda. Sijamwambia na sitamwambia, atanicheka.

Jumatatu, 24 Juni

Mwanakombo na wenzake wawili wamejitoa chamani. Wanasema Bi Sauda ametuuza. Nimewajibu maneno ambayo siyaandiki.

Alhamisi, 27 Juni

Zuhura amekuja. Nilikuwa nimekaa kwa makusudi karibu na mlango na kofia yangu, nione atakavyovuka kizingiti. Alisimama nje muda mrefu kidogo. Akavua viatu, akaingia kwa mguu wa kulia, akatoa salamu. Nikaitikia. Nilitaka kuitikia kwa ubaridi lakini sikuweza, alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kuposa.

Anafundisha. Ewe Mola, anafundisha! Hesabu anaipigia makofi kama ngoma, wasichana wanajibu kwa mkupuo, na hakuna anayesinzia. Hafswa amerudi anasema mara na gawanya kwa wimbo. Athumani alisikiliza, akaweka gazeti chini. Akaniuliza ni nani mwalimu. Nikamwambia. Akasema Zuhura yupi, yule? Nikamwambia yule.

Akasema kesho nimpeleke na binti wa nduguye.

Jumamosi, 29 Juni

Wasichana watatu wapya. Wote wa Nargisi. Mama zao hawakuingia, waliwafikisha mlangoni wakageuka. Lakini waliwafikisha.

Jumanne, 9 Julai

Mkaguzi amekuja. Kofia kubwa, jasho, Kiswahili cha vitabuni lakini cha adabu. Tulikuwa tumejificha ngazini, Kilua na Nargisi pamoja, tumebanana, tunakanyagana miguu. Aliwauliza wasichana hesabu. Walijibu. Aliwapa kusoma. Walisoma. Hafswa alisita penye neno moja, kisha akalipata.

Mwishoni akamuuliza Zuhura shule hii ni ya nani, apate kuandika. Zuhura angeweza kusema ni yake, hakuna ambaye angemkatalia. Hata mimi. Alisema, "Ni ya Bi Sauda, na mimi n'mwalimu wake."

Kiwanja tumepata. Mwanamke wa Nargisi aliyekuwa amenikanyaga mguu amenikumbatia, nami nikamkumbatia. Baadaye tukakumbuka sisi ni nani, tukaachana. Mwanakombo ametuma sahani ya mahamri bila ya ujumbe. Tumeyala.

Alhamisi, 11 Julai

Mvua nyepesi tangu asubuhi. Nimemaliza kofia, bwana harusi amekwishaichukua. Nimekwenda kwa Bi Sauda kumsaidia kupepeta mtama wa kuweka akiba ya Ramadhani. Tumekaa uani, mlango wa ukumbi wazi, Zuhura na ubao wake, wasichana wanaandika. Kimya, isipokuwa chaki.

Mtoto wa Zuhura, yule mdogo wa miaka mitatu ambaye huja naye na kulazwa kwenye mkeka wa kona, ameamka. Akaita, "Mama!"

"Naam," akajibu Zuhura ukumbini. "Naam," akajibu Bi Sauda uani, hata hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

Wakatazamana mlangoni. Bi Sauda aliona haya, nilimwona, akataka kurudi kwenye mtama wake. Zuhura akageukia ubao akaendelea kuandika, akamwacha Bi Sauda aende kwa mtoto.