Akishusha Sauti

Tarehe 2 Februari

Mwanangu,

Hali yako vipi huko kambini, na kifua kimepona? Usinidanganye, maana dereva wa lori la mboga anayetuletea barua kanieleza ulikuwa unakohoa mpaka wenzako hawalali. Sisi huku ni wazima, ukitoa magoti yangu.

Kinachonitesa sasa ni amplifaya ya baba yako. Imezeeka, inakwaruza, inakohoa kukushinda wewe. Unajua tangu kiharusi kimnyang'anye maneno, ule mkono wa kushoto ndio mdomo wake. Redio inaimba kwa sauti kubwa chumba cha nyuma, mimi nashona chumba cha mbele, na cherehani ikinguruma hata mtu akigonga ukuta sisikii. Ndiyo maana tulipatana: akinihitaji, anashusha sauti. Redio ikinyamaza tu, naacha kitambaa nakimbia. Maji, choo, kugeuzwa, kukabwa na mate, wito ni huo huo.

Sasa likopo lenyewe linajinyamazia! Nakimbia, namkuta ananikodolea macho kama mimi ndiye niliyemzimia mpira wake. Jana nimekurupuka mpaka nikajichoma pini. Fundi redio kaifungua, kapuliza vumbi, katikisa kichwa. Anasema vipuri vyake havitengenezwi tena. Nifanyeje?

Mama yako


Tarehe 20 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na umfikishie Mzee shikamoo yake kitandani. Kifua kimepona. Mwambie dereva aendeshe lori, aache umbea.

Hiyo amplifaya iacheni ipumzike. Nimemwagiza huyo huyo dereva anunue mpya mjini, ataileta mpaka mlangoni. Ina rimoti, Mama! Mzee hatanyoosha tena mkono mpaka kabatini. Ataishika pale pale kitandani, kazi ni ya kidole gumba tu. Spika ni zile zile, fundi achomeke nyaya, basi. Ila ile ya zamani usiitoe nje akiwa anaona, utamliza bure.

Wewe nawe pumzisha hayo magoti.

Mwanao, kitinda mimba


Tarehe 28 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Unalala vizuri? Baba yako hajambo, ananenepa shavu moja.

Mashine imefika. Ilipowashwa mara ya kwanza alitokwa na machozi, na mimi nikamsindikiza. Kwenye ule wimbo wetu wa ujana kumbe kuna mtu anapiga gitaa kwa nyuma, miaka yote sikuwahi kumsikia! Haikwaruzi hata kidogo. Ubarikiwe.

Lakini ina usingizi. Ikikaa muda mrefu haijaguswa, inajizima yenyewe. Fundi anasema ndivyo zilivyo za kisasa, zinabana umeme. Mara ya kwanza nilikimbia, nikamkuta baba yako anakoroma zake. Mara ya pili vile vile. Sasa ikinyamaza nasema, "Bibi kizee kalala huyo," namaliza pindo langu, ndipo naenda kuiamsha. Juzi nikakuta ilikuwa macho, baba yako ndiye aliyekuwa ananiita, na ameshalowa. Nilimwomba radhi, akanigeuzia uso ukutani. Iliniuma.

Je, usingizi huu una dawa? Kijitabu chake kimeandikwa kwa lugha nisiyoijua.

Mama yako


Tarehe 14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kweli, mvua imekata barabara na lori lilikwama. Nimeisoma nimesimama.

Mama, nakuomba, usimalize pindo. Ikinyamaza, nenda. Hata kama ni kutwa nzima unakwenda unarudi, nenda. Mzee hana njia nyingine ya kukuita.

Dawa ipo, nimemuuliza fundi umeme wa hapa. Bonyeza kitufe cha kuwashia, kishikilie mpaka taa ipepese, halafu achia. Haitalala tena. Ningeuliza kabla ya kununua, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye sauti safi. Fanya leo leo, ukishasoma barua hii.

Mwanao, kitinda mimba


Tarehe 15 Aprili

Mwanangu,

Jibu lako la barua ya mwezi uliopita sijalipata bado. Kaa chini kwanza.

Baba yako ametutoka juzi mchana. Alikabwa na mate. Tumemzika jana. Barabara imekatika, wewe usingefika, na mwili usingengoja. Majirani walikuja wengi, hata fundi redio alibeba jeneza.

Nilikuwa nashona. Mengine sina nguvu ya kuyaandika.

Mama yako


Tarehe 9 Mei

Mama,

Sijui hata nianzie wapi kukusalimu. Pole, Mama. Pole sana. Nimelilia chooni, huku hakuna pa kulilia pengine.

Nakuuliza kitu kimoja, unijibu ukweli. Redio ilinyamaza siku ile? Ilijizima, au aliishusha Mzee? Maana kama ilikuwa imelala, basi alikuwa anabonyeza rimoti na hakuna kinachobadilika, anakuita na hana cha kukuitia. Na mashine hiyo nimenunua mimi. Usiku mzima ninakiona kile kidole gumba. Niambie, Mama, hata kama ni vibaya.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Natumaini unakula. Umeuliza, nakujibu.

Haikuwa imelala. Redio ilinyamaza nikiwa kwenye pindo la gauni la mteja, na mwenyewe amekaa mbele yangu anasubiri. Akaniuliza, "Umeme umekatika?" Nikamwambia, "Wapi! Ni mashine yetu hiyo, inapenda kulala." Tukacheka. Nikamaliza pindo, nikakata uzi, nikamkunjia gauni lake vizuri, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Nilipoingia, taa ya mashine ilikuwa inawaka. Sauti imeshushwa mpaka sifuri. Rimoti ilikuwa mkononi mwa baba yako, na mkono bado una joto.

Kwa hiyo jitoe kwenye jambo hili. Mashine yako ilifanya kazi yake. Aliniita, nikasikia, sikwenda. Ni mimi.

Barua yako ya kile kitufe ilifika mazishi yameshapita. Nilibonyeza kama ulivyosema, na taa ikapepesa. Sasa redio inaimba kutwa, hailali, na mimi siwezi kushona humu ndani. Cherehani nimeihamishia kwa jirani.

Mama yako


Tarehe 2 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Kifua hakijarudi?

Dereva amekuja na kurudi, amekuja tena, mikono mitupu. Anasema u mzima na kazini unakwenda, ila akianza kukusanya barua za watu, unaondoka. Nilimwambia labda una kazi nyingi. Akaendelea kushusha viazi vyake.

Sikudai msamaha. Ningekuwa wewe, sijui kama ningeutoa. Kama una hasira, ziandike. Kama una matusi, yaandike yote, nitayasoma mpaka mwisho na sitamwonyesha mtu. Hata karatasi tupu, yenye jina langu tu kwa juu, itanitosha.

Lakini usininyamazie.

Mama yako