Pendo Alipobana Pumzi Mbele ya Wakwe

Jumatatu, 3 Machi
Nakaanga maandazi, mwanangu Pendo yuko kwenye mkeka wake. Kaziba pua kwa vidole, kidevu kifuani, kimya. Pumzi imeingia, haitoki. Ni yoga. Hii ya kubana pumzi inaitwa kumbhaka, anasema maana yake mtungi: unajaa, unatulia. Kafundishwa na mama mmoja wa Kihindi mjini. Sasa yeye anafundisha wageni kwenye hoteli ya ufukweni. Wazungu wanamwita mwalimu! Buzuruga nzima nani ana mtoto kama huyu? Mimi tu.

Jumatano, 5 Machi
Wakwe wanakuja Jumamosi kutoka Sengerema. Mchumba wake, Masanja, anamleta mama yake aone kwetu kabla ya kuzungumza mahari. Nimeshawaambia majirani wote. Mama Kulwa akanitania, "Huyo mwanao asiyepumua, mkwe atamlisha nini, upepo?" Nikamwambia wivu utakuua. Tulicheka sana. Nimenunua samaki, sato mkubwa.

Pendo anampenda huyu kijana. Simu yake ikilia anatoka nje mbio kama mtoto wa shule.

Jumamosi, 8 Machi
Sijui nianzie wapi.

Walikula, wakasifu. Mimi nikaona haitoshi. Nikasema, Pendo, hebu waonyeshe ile ya mtungi. Akasema, "Mama, hii si ya kuonyesha watu." Nikashikilia. Akakaa. Akatoa pumzi yote, akabaki hivyo hivyo, kama mtungi mtupu. Macho kafumba, kifua hakipandi wala hakishuki. Mimi natabasamu, naangalia nyuso za wageni.

Mama yake Masanja akainuka, akamshika bega, akamtikisa. Halafu akapiga yowe. Yowe lile la kwetu, ukilisikia unaacha ugali motoni unakimbia. Uani pakajaa, wanaume na fimbo zao. Pendo kafumbua macho, anaomba samahani. Yule mama alikuwa chini, mikono kichwani.

Chai hawakunywa.

Jumatatu, 10 Machi
Masanja hapokei simu. Mtaani wanasema mwanangu anakufa na kufufuka. Wajinga wakubwa. Pendo kaenda kazini, karudi, hajala. Hanilaumu. Bora angenigombeza.

Alhamisi, 13 Machi
Nimevuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo peke yangu, kitenge kipya, mpaka Sengerema. Maneno nilikuwa nayo tele. Kwamba ni pumzi tu. Kwamba mke kama huyu hawatampata hata wakitafuta na tochi.

Mama yake Masanja aliniacha nimalize. Kisha akanieleza. Alikuwa na binti, dada mkubwa wa Masanja. Alizama ziwani. Walipomtoa wakamkalisha akiegemea mtumbwi, wakidhani atapumua. Yeye mwenyewe akakaa mbele yake anamngoja. Uso ule ule, akasema. Kimya kile kile.

"Binti yako sina neno naye, dada yangu. Ila asubuhi moja nikimkuta hivyo nyumbani kwangu, nitajuaje?"

Nikasema ataacha, hata leo ataacha.

"Yeye ataacha. Mimi nitaacha kuuona uso ule?"

Masanja alikuwa mlangoni, kichwa chini. Hakumbishia mama yake. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasema, "Salamu zangu mfikishie Pendo... hapana, mama, usimwambie kitu." Akageuka.

Nimerudi bila neno. Mimi!

Jumapili, 16 Machi
Kanisani hatukwenda. Nimemwambia yote, sikupunguza. Akaniuliza yule dada yake Masanja aliitwa nani. Sikuwa nimeuliza.

Mchana akaniomba nimfumue nywele alizosuka kwa ajili ya wageni. Akakaa chini, mgongo kwangu. Nimefumua msuko mmoja mmoja, taratibu, nisimuumize. Hakulia. Mimi nililia nyuma yake, bila sauti. Zilipoisha hakuinuka. Na mimi sikuinuka.