Mkunjo Kwenye Blanketi la Mama

Jumamosi, Kebirigo. Jua limetua, Sabato imetoka, na mvua iliyoanza saa nane bado inapiga mabati. Nina wembe wa kufumulia mkononi na sijui kama nitautumia. Nisipoandika nitalia mbele ya Mama.

Hili blanketi la viraka ni lake. Daktari alipomwambia sukari imefika machoni, alikusanya vitambaa vya nyumba nzima: koti la marehemu baba, mashati yetu ya shule, gauni langu la njano la utotoni. Akaviunga kwa mkono, kimoja kimoja, akikimbizana na macho yake. Mwaka juzi akanipa nimalizie, kwa kuwa mimi ni fundi Kisii mjini na nina cherehani ya umeme yenye shingo pana, inayopitisha blanketi zima. Ilibaki kutia pamba katikati na kitambaa chini, nishone tabaka zote tatu zishikane. Alitaka kitu kimoja tu, alione limetandikwa kitandani mwake.

Nikamwambia wiki mbili.

Wacha niseme ukweli. Lilikaa juu ya kabati, ndani ya mfuko, miaka miwili. Kila mara kulikuwa na sare za kwaya, magauni ya harusi, wateja wa kunisimamia dukani. Mama hakuja kunisimamia, kwa hivyo yeye ndiye aliyengoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo ni langu.

Jumapili iliyopita nilimwona akimimina chai kando ya kikombe. Jumatatu nikabeba cherehani mpaka hapa nyumbani. Jumatano stima ikapotea, ikarudi jana adhuhuri. Nikashona kama mwizi anayekimbizwa, maana kwetu jua la Ijumaa likitua sindano haiguswi. Nikaongeza na pindo pana la zambarau pande zote nne, nimshtue kidogo.

Kwenye kona ya mwisho nilihisi kitambaa cha chini kikipanda. Sikusimama. Nilipogeuza, nikaona mkunjo wa urefu wa kiganja, umeshonewa ndani kabisa. Kufumua kungetaka saa nzima, na jua lilikuwa limeshuka kwenye mashamba ya majani chai. Nikatandika ile kona upande wa ukuta, nikamwita Mama, nikamwambia limekwisha.

Akaweka kiganja katikati. Akasema njano ya gauni langu bado inang'aa. Akasogea, akalitaja koti la baba. Nilifurahi, jamani. Kumbe anaona!

Pindo hakulisema hata neno. Niliumia, nikalala nimenuna kama mtoto.

Leo baada ya kanisa aliketi kitandani, akawa analipapasa blanketi polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Akafika kwenye ile kona. Mkono ukasimama.

"Moraa, hapa pamekunjika."

Nikakiri yote: haraka yangu, ukuta, uongo. Nikamwambia Sabato ikitoka tu nitafumua. Akaurudia ule mkunjo kwa kidole gumba, mara mbili, tatu.

"Usifumue. Kwa hapo nitakuwa nikijua upande wa kichwa ni upi."

Alisema vile mtu anavyosema chumvi iko wapi.

Njano na koti alivishona mwenyewe, anajua vilipo. Pindo ni langu, sikuwahi kumwambia, na hawezi kulitaja kwa kukumbuka. Nilitaka kumwuliza giza liliingia lini, nikashindwa. Naogopa atanitajia mwezi, nami nitakumbuka mwezi huo nilikuwa nashona gauni la nani.

Wembe nimeurudisha kwenye karatasi yake. Kesho kukipambazuka nitamshika mkono, niupitishe kwenye pindo lote, pande zote nne, na nimwambie ni zambarau.