Nyumba ya Baba Imetolewa Uwanjani

Rahel, Nsajigwa ametuua leo.

Si unajua lile gemu lake la kurusha ndege kwenye kompyuta? Miezi minne anachora uwanja wa ndege wa hapa Sumbawanga auingize humo. Leo baba yangu kaja kutusalimia, mume wangu kwa sifa zake akamwonyesha.

Baba akauliza, "Mbona nyumba yangu siioni?"

"Niliitoa, baba. Ilikuwa inazuia ndege."

Niliitoa. Anamwambia mzee anayeishi jirani na uwanja, kila siku anaogopa kuwekewa X ya kubomolewa ukutani. Na baba anajua mkwewe yuko ofisi ya ardhi.

Baba akainuka. Akapanda baiskeli akaondoka, chai hajamaliza.

Sasa hivi mama kapiga analia. Baba yuko juu ya paa anang'oa mabati, ayaokoe kabla tingatinga halijaja. Nusu nyumba iko wazi na mvua inakuja kutoka Mollo.

Nsajigwa kakimbilia huko. Mama alipopiga tena nimemsikia kwenye simu, yuko chini ya ngazi anasihi, "Baba, lile ni gemu tu, naapa."

Na baba, kwa upole kabisa: "Najua hamruhusiwi kusema, mwanangu. Asante kwa kunidokeza. Haya, pokea bati."

Amelipokea, Rahel. Mkwe atakataaje?