Mvuke Chumbani mwa Sorana

Mtaa wa Grădinii, Na. 14,
Brăila.
19 Novemba

Mpendwa dada Tudorița,

Mgongo wako u hali gani? Na yule bibi unayemtunza huko Bergamo, anakula siku hizi, au bado anakutupia kijiko? Sisi huku ni wazima. Wiki mbili zilizopita nisingethubutu kuliandika neno hilo.

Ulisikia kwenye simu kwamba mjukuu wetu Sorana alilazwa. Sikukueleza yote, maana binti yangu Ilinca alikuwa amekaa karibu nami. Sasa nakueleza.

Unajua mume wangu Neculai alivyojigamba kwamba mjukuu wake hatawekewa samani za dukani. Alinunua mbao zile za kushindiliwa, za vumbi la mbao na gundi, akatengeneza kabati la ukuta mzima, akalipaka rangi nyeupe. Lilikuwa na harufu kali, tukasema ni upya tu. Septemba hewa ilikuwa kavu na madirisha wazi, harufu ikapotea, tukasahau.

Oktoba mvua zikaanza, na ukungu wa Mto Danubi ukauvamia mji usiondoke. Tukafunga madirisha. Nepi zikakosa pa kukaukia, nikafunga kamba humo chumbani mwa mtoto. Kisha akaanza kukohoa. Dada, mama alitufanyia nini tulipokohoa? Nikaweka jiko dogo la umeme humo humo chumbani na sufuria ya maji yanayochemka, asubuhi, mchana na jioni, mpaka vioo vikawa vinatiririka maji. Kadiri alivyokohoa, ndivyo nilivyozidi kuchemsha.

Ilinca aliniambia macho yanamwasha kila akiingia humo, akaniomba niache huo mvuke. Nikamjibu kwamba yeye kazaa juzi, mimi nimelea watatu.

Alhamisi moja akapanda kwetu Mwalimu Paraschiva wa ghorofa ya chini yetu, yule aliyefundisha kemia miaka yote, ametuletea pai ya maboga. Hakufika hata kitandani. Alisimama mlangoni machozi yakimtoka, akalinusa kabati, akapapasa ukuta uliolowa.

"Aglaia, zima jiko. Mtoe mtoto humu sasa hivi."

Nikamuuliza kuna nini.

"Gundi ya mbao hizi ina sumu. Hewa ikiwa kavu inatoka kidogo kidogo. Ukiongeza maji na joto, gundi inaiachia kwa wingi. Mwenzangu, unaipika."

Nilipomwinua Sorana, midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau, na kifua kilibonyea chini ya mbavu kila alipovuta pumzi. Sijui nilishukaje zile ngazi.

Alikaa hospitali siku tano akiwekewa oksijeni. Daktari hakusema ni sumu peke yake. Alisema yalianza kama mafua, hewa ya chumba ikazidisha. Akaniuliza nilimfukiza mvuke kwa muda gani.

"Siku mbili," nikasema.

Zilikuwa wiki tatu, dada. Ulimi ulinitangulia, na Ilinca hakuwapo kunisahihisha.

Huku nyumbani, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu Paraschiva alikuja na kifaa cha kupimia hewa. Chumba kikiwa kimefungwa na chenye unyevu, sumu ilikuwa karibu mara tatu ya ilivyokuwa baada ya kukikausha. Neculai alichukua bisibisi. Alifungua skrubu moja moja, akalishusha kabati lote kwa vipande, ghorofa tatu, akikataa kusaidiwa. Tangu siku hiyo hajagusa nyundo.

Sasa naogopa kila kitu. Nanusa meza, nanusa zulia, nanusa nywele za mtoto. Nawe uliniambia wamekuwekea makabati mapya katika chumba chako kidogo, na kwamba shuka za bibi unazianika humo humo. Nakusihi, zitoe. Fungua dirisha hata kama kuna baridi. Ukiamka kichwa kinauma na macho yanawasha, usiseme ni uzee.

Jumapili nilimwambia Ilinca kwamba nilimdanganya daktari kuhusu zile wiki tatu. Alisogeza kikombe chake cha chai kando. Kisha akasema, "Kesho utamwambia daktari mwenyewe, mama. Mimi nitakaa kando yako."

Nilimwambia. Daktari aliandika, akasema atayapima mapafu ya Sorana kila mwezi hadi kiangazi, ndipo tutakapojua. Hakunigombeza hata kidogo. Laiti angenigombeza.

Nisalimie mwanao Vasilică na mkewe. Neculai na Ilinca wanakusalimu sana. Mama Mtakatifu akufunike, na pumzi yako iwe nyepesi popote ulalapo.

Mdogo wako akupendaye na kukuhofia,
Aglaia